Kabla ya risasi ya kiwanda: baruti, gobori na mkono uliojaza

Leo hatuleti habari za mapigano. Tunaleta historia, ingawa ni historia ya kitu kile kile kilichowatoa wengi wenu nyumbani, yaani risasi.

Sababu yake ni swali. Vijana wameona kwenye simu video za Wazungu waliokaa mezani nyumbani kwao, mizani ndogo mbele yao, wakijaza upya maganda ya risasi zilizokwisha kupigwa. Wanasema bunduki inalenga vizuri zaidi kwa risasi iliyojazwa na mwenyewe kuliko kwa ile ya kiwanda. Vijana wanauliza: ni kweli? Na huku kwetu, je, jambo hilo liliwahi kufika?

Ni kweli, na halikufika jana. Kwa muda mrefu kando ya ziwa hili hapakuwa na risasi ya namna nyingine. Kila mwenye bunduki aliijaza mwenyewe, na namna alivyoijaza ndiyo iliyoamua kama itapiga alikotaka au itapiga kwa jirani.

Kanuni yenyewe si ngumu. Risasi husukumwa na moshi mkali wa baruti inayowaka. Kama mara hii baruti ni nyingi kidogo na mara ijayo imepungua, mwendo wa risasi hubadilika, na moja itapita juu na nyingine chini hata kama mkono haukutikisika. Uzito wa risasi nao ni vile vile, na namna inavyobana ndani ya mtutu. Kiwanda hutengeneza risasi kwa ajili ya bunduki za watu wote. Anayejaza mwenyewe hutafuta kipimo kinachopatana na bunduki yake moja, kisha hakibadilishi. Daktari mmoja wa Marekani, F. W. Mann, alitumia miaka mingi akitafuta kwa nini risasi mbili kutoka bunduki moja hazifiki mahali pamoja, na mwaka 1909 akatoa kitabu kizima juu ya jambo hilo. Kwake ulikuwa mchezo wa shabaha.

Lugha yetu yenyewe inakumbuka zamani hizo. Neno risasi, ambalo huku wengi hutamka masasi, kwanza si jina la kitu kinachoua. Ni jina la madini, yale mazito na laini ya kijivu ambayo wavuvi wa Kalundu huyajua kwa kutia uzito kwenye nyavu. Waarabu waliyaita hivyo, na sisi tukachukua. Aliyesema "nipe risasi" zamani za babu zetu alikuwa akiomba madini ya kuyeyusha, na kazi ya kuyafanya yawe kitu cha kupigwa ilikuwa yake mwenyewe.

Wazungu wa kwanza kuandika juu ya Uvira walikuwa Waingereza wawili, Burton na Speke. Walitoka Ujiji kwa mitumbwi na kufika hapa mwezi wa nne 1858, wakitafuta kujua kama mto Ruzizi unatoka ziwani au unaingia. Hawakufika mtoni kwenyewe, lakini waliambiwa kwamba unaingia, na walioambia walisema kweli; Livingstone na Stanley walikuja kuhakikisha kwa macho yao mwaka 1871. Burton aliandika kwamba Uvira ilikuwa soko kubwa la kaskazini: watumwa, pembe za ndovu, nafaka, nguo za magome ya miti, na vitu vya chuma.

Tusimame kwenye chuma. Uvira iliuza chuma kwa sababu ilikuwa na wafua chuma, na mfua chuma anayetengeneza jembe na mkuki hashindwi kutengeneza kipande cha duara. Madini ya risasi yalitoka pwani, mwendo wa miezi, kichwani mwa mpagazi. Yalikuwa ghali. Kwa hiyo katika nchi za ndani watu walipiga kwa chuma kilichofuliwa, na upande wa Katanga, alikotawala Msiri, walitumia shaba yao. Hapo ndipo shabaha ilipopotea. Madini ya risasi ni laini, huyeyuka kwenye moto wa kawaida, humiminwa katika kalibu na kutoka mviringo sawa na wenzake. Chuma cha nyundo hutoka kila kimoja na umbo lake. Ili kiingie katika mtutu bila kukwama ilibidi kifanywe kidogo kuliko tundu, na kitu kinachocheza ndani ya mtutu hutoka kwa kugongagonga ukutani. Hakuna ajuaye kitaelekea wapi.

Bunduki zenyewe zilikuwa za namna tatu. Za kale zaidi ni za utambi, ambazo mpigaji alitembea na kamba inayowaka; walinzi Wabaluchi wa msafara wa Burton walikuwa nazo. Baadaye zikaja za gumegume, zinazotoa cheche za jiwe, kisha za fataki, yaani kifuniko kidogo kinacholipuka kikigongwa na nyundo ya bunduki. Watu wa huku huziita zote gobori. Mpigaji alimimina baruti kutoka pembe ya ng'ombe, akatia kizibo cha nyuzi au magome, akashindilia kwa mdeki, yaani ule ufito mrefu, akatia risasi, akashindilia tena. Mikono ya mtu mwenye hofu hukosea kazi kama hiyo. Wengine walitia baruti kupita kiasi wakiamini kishindo kikubwa ndiyo nguvu, na bunduki ikapasukia usoni mwao. Wakati wa masika unyevu wa ziwa uliingia kwenye baruti, na bunduki ya mtu ikawa fimbo.

Ndiyo maana mwindaji mzee aliheshimiwa. Hakuwa na bunduki bora kuliko ya kijana. Alikuwa na pembe kavu, kipimo kimoja kisichobadilika, na subira ya kukaribia mnyama mpaka hatua chache.

Swali linalofuata ni hili: bunduki nyingi kiasi hicho zilitoka wapi? Zilitoka Ulaya, na sababu ni kwamba Ulaya ilikuwa imezichoka. Kuanzia miaka ya 1860 majeshi yao yalihamia kwenye bunduki zinazojazwa kwa nyuma. Ufaransa ilichukua Chassepot mwaka 1866, na Uingereza ikabadili zake mwaka huo huo. Magobori ya askari wao yakawa mzigo ghalani, na wafanyabiashara wakayanunua kwa bei ya kutupa na kuyapeleka Unguja. Mwaka 1888 balozi wa Uingereza huko Unguja, Euan-Smith, alikadiria kwamba bunduki 80,000 hadi 100,000 za kila namna ziliingia bara kila mwaka kupitia pwani ya Afrika Mashariki.

Sehemu yake ilifika kwetu kupitia Tabora na Ujiji. Mtu mkubwa wa ziwa katika miaka ya 1880 alikuwa Muhammad bin Khalfan al-Barwani, ambaye watu wanamkumbuka kwa jina la Rumaliza. Watu wake walikaa Ujiji, wakapanda mpaka Uvira na mwambao wa kaskazini. Lugha ninayoandikia sasa ilikuja katika misafara ile ile iliyobeba mapipa ya baruti. Kiswahili chetu bado kinaitwa Kingwana kwa sababu ya Waungwana wale, na hatuwezi kukitenga na historia hiyo.

Sasa mtu atauliza: kama magobori hayo yalikosa shabaha hivyo, yaliwezaje kuwatoa watu katika vijiji vyao mwambao mzima? Jibu ni kwamba mshambuliaji wa watumwa hakuhitaji shabaha. Alikuja alfajiri, watu wakiwa ndani. Bunduki 30 zikipigwa pamoja kwenye nyumba za nyasi hutoa kishindo, moshi na moto, na watu hukimbia ovyo. Wanaokimbia ovyo hukamatwa. Kazi ya bunduki ile ilikuwa kutawanya watu, na kwa kazi hiyo kipande chochote cha chuma kilitosha, hata kokoto. Naona jambo hili linafanana na mengi ambayo wasikilizaji wetu wa kambini wanasimulia: wengi hawakukimbia kwa sababu waliona mtu amelengwa, walikimbia kwa sababu ya mlio.

Palipokuwa na watu wengi waliojipanga, gobori halikutosha. Rumaliza alijaribu kuiingia Burundi zaidi ya mara moja. Mwami Mwezi Gisabo alimrudisha kwa watu wenye mikuki na pinde. Mpinde hutoa mshale wa pili na wa tatu wakati mwenye gobori bado anashindilia, na mvua ya milima ya Burundi haikuharibu mshale.

Mwaka 1890 mataifa yalikutana Brussels, na tarehe 2 mwezi wa saba yakatia sahihi mkataba wa kupiga vita biashara ya watumwa. Ndani yake kuna kifungu ambacho watu wachache wanakijua, nacho ndicho kinachotuhusu leo. Katika Afrika yote kati ya digrii 20 kaskazini na digrii 22 kusini, mkataba ulizuia kuingiza bunduki, na hasa zile zenye mifereji ndani ya mtutu na zilizoboreshwa, pamoja na risasi zake. Kilichoweza kuruhusiwa, kwa kusimamiwa na serikali, ni bunduki za gumegume zisizo na mifereji, na baruti ya kawaida ya biashara.

Mifereji hiyo ndiyo inayoizungusha risasi ili iende moja kwa moja, kama vile mpira unaozungushwa kwa kidole unavyotulia hewani. Kwa hiyo mkataba ule, uliosifiwa kuwa wa kuwaokoa watumwa, na kwa kweli ulisaidia, uliamua vile vile nani ataruhusiwa kulenga. Mwafrika angeweza kupewa bunduki yenye kishindo. Bunduki yenye shabaha ilibaki mkononi mwa serikali.

Matokeo yalionekana upesi. Jeshi la Mfalme Leopold, Force Publique, lilikuwa na bunduki za Albini, ambazo zinajazwa kwa nyuma kwa risasi yenye ganda la kiwanda. Kila risasi ilikuwa sawa na mwenzake, na mvua haikuingia. Vita na Waarabu wa Maniema vilianza mwaka 1892. Kasongo ilianguka mwezi wa nne 1893, na mwezi wa kwanza 1894 Rumaliza akashindwa. Katika siku zake za mwisho kombora lilichoma paa ndani ya boma lake, moto ukafika kwenye ghala ya baruti, na ghala ikalipuka. Alikuwa amebeba baruti hiyo kutoka bahari ya Hindi.

Lakini risasi ya kiwanda ilileta hesabu mpya, na hesabu hiyo ilikuwa mbaya kuliko gobori. Gobori mtu hujaza kwa chochote. Risasi ya Albini ilitoka Ulaya kwa meli, ina bei, imehesabiwa. Katika mikoa ya mpira, hasa Equateur, wakubwa walitaka askari waonyeshe kwamba hawakupoteza risasi kwa kuwinda nyama. Kila risasi iliyotumika ilibidi ijibiwe kwa mkono wa mtu aliyeuawa. Askari aliyekuwa amepiga swala alitafuta mkono mahali pengine, hata wa mtu aliye hai. Ripoti ya Roger Casement iliyotoka mwaka 1904 iliweka ushuhuda wa mambo hayo mbele ya dunia. Huko ndiko uchungu wa ganda moja ulikofikisha watu.

Kwetu kaskazini mwa ziwa, jeshi hilo hilo lilijionea upande wa pili. Mwezi wa pili 1897 askari wake waliasi huko Ndirfi, mbali kaskazini, wakashuka na bunduki zao mpaka Kivu na Ruzizi, wakapigana miaka mitatu. Walikuwa na bunduki nzuri, lakini nyuma yao hakukuwa na kiwanda wala meli. Mwaka 1900 mabaki yao yalivuka na kuwapa Wajerumani silaha zao.

Sasa tufike kwenye kisa ambacho kinajibu swali la vijana moja kwa moja, maana hapo watu wa Afrika Mashariki walikaa kwa miezi wakijaza upya risasi za kiwanda, tena kwa maelfu na maelfu.

Mwezi wa nane 1914 vita vya Ulaya vilifika ziwani kwetu mapema sana. Wajerumani wa ng'ambo walikuja Mokolubu, kusini ya Uvira, wakaharibu mitumbwi na kukata waya wa simu. Meli yao Hedwig von Wissmann ilitawala ziwa. Baadaye waliongeza Graf von Götzen, meli kubwa ambayo walitia juu yake mzinga wa milimita 105 uliotolewa kwenye manowari yao Königsberg. Mwezi wa tisa 1915 walishambulia Luvungi. Kwa karibu miaka miwili Uvira na bonde lote la Ruzizi lilikuwa mpaka wa vita, na watu wa mwambao walilala milimani.

Wajerumani wa Tanganyika, chini ya kamanda wao von Lettow-Vorbeck, walikuwa na shida moja. Manowari za Kiingereza zilifunga bahari. Askari wao wengi, Waafrika, walikuwa na bunduki ya zamani ya Mauser ya mwaka 1871, inayotumia baruti nyeusi. Ukipiga, wingu la moshi linapanda juu ya kichwa chako na kila adui anajua ulipo. Walihitaji bunduki mpya na risasi zisizotoa moshi.

Mwezi wa nne 1915 meli moja ilipenya. Ilikuwa ya Kiingereza iliyotekwa, jina lake Rubens, imefichwa chini ya jina la Kidenmark, Kronborg. Ilifika ghuba ya Manza, kaskazini ya Tanga, huku manowari ya Kiingereza ikiifuata. Nahodha Christiansen aliizamisha mwenyewe kwenye maji mafupi na kuacha iungue juu. Waingereza wakaona imekwisha, wakaondoka. Kumbe mzigo wa chini, bunduki na mamilioni ya risasi, ulikuwa majini. Wapiga mbizi waliutoa kwa majuma mengi.

Risasi zilikuwa zimelala katika maji ya chumvi. Mwanzoni nyingi zilionekana nzima, lakini chumvi ilikuwa imeingia kwenye baruti na kwenye fataki za kitako, na kila juma idadi ya zilizokataa kuwaka iliongezeka. Von Lettow anaeleza katika kitabu chake cha kumbukumbu kwamba hawakuwa na njia nyingine: risasi zote zilifunguliwa moja moja, baruti ikasafishwa, na fataki nyingine zikawekwa pale zilipohitajika. Kazi ilifanywa Neu Moschi, yaani Moshi ya leo. Askari wote waliopatikana pale walikaa kazini kutoka asubuhi hadi jioni, miezi na miezi.

Kisha wakazipanga. Zile ambazo maji hayakuzigusa ziliwekwa kwa ajili ya bunduki za rashasha tu, kwa sababu rashasha ikikwama vitani watu wake wamekufa. Zilizojazwa upya zilijaribiwa. Fungu ambalo kiasi cha 20 katika kila 100 zilikataa kuwaka lilipewa askari kwa vita. Zilizokataa zaidi ya hapo zilitumiwa kwa mazoezi ya shabaha.

Mfikirie askari aliyeingia vitani akijua kwamba risasi moja katika kila tano labda haitalia. Anavuta, hakuna kitu, anafungua, anatoa, anatia nyingine, na aliye mbele yake hangoji. Hapo ndipo tofauti ya yule Mzungu wa kwenye simu na askari wa Moshi inapoonekana. Wa kwanza hujaza ganda safi kwa mizani ili matundu yake kwenye karatasi yakaribiane. Wa pili alijaza kwa sababu ya kukosa, na shabaha lilikuwa jambo la mwisho katika mawazo yake. Kazi ni ile ile ya mikono. Hali ndiyo haifanani hata kidogo.

Kazi ile iliwashikilia vitani, ila ziwa letu halikuwangoja. Mwezi wa kumi na mbili 1915 na mwezi wa pili 1916 Waingereza na Wabelgiji waliziondoa meli mbili za Wajerumani ziwani. Mwezi wa sita 1916 Force Publique ilivuka Ruzizi na kuchukua Usumbura, mwezi wa saba ikachukua Kigoma, na mwezi wa tisa Tabora. Nyuma ya kila askari walikwenda wapagazi, maelfu kwa maelfu, wengi wao kutoka Kongo ya mashariki, na mzigo wao mkubwa ulikuwa masanduku ya risasi. Wengi hawakurudi. Njaa, tumbo na baridi viliwaua zaidi kuliko adui. Kama tunahesabu gharama ya shabaha katika nchi hii, wapagazi wale waingizwe kwenye hesabu.

Von Lettow mwenyewe aliishia kutafuta risasi kwa kuteka. Mwezi wa kumi na moja 1917, risasi zisizo na moshi zikiwa karibu kwisha, alivuka Ruvuma na kuishambulia kambi ya Wareno ya Ngomano, na huko akapata bunduki na risasi za kuendelea nazo.

Baada ya vita Wabelgiji waliendelea na mpango ule ule wa mwaka 1890. Mwanakijiji aliyeaminiwa aliweza kupata kibali cha bunduki ya fataki, ile Wabelgiji waliyoiita fusil à piston, na baruti kidogo. Kwa hiyo katika milima ya Itombwe na misitu ya Ubembe ufundi wa kujaza kwa mkono uliendelea, mikononi mwa wawindaji, na wafua chuma walitengeneza na kukarabati magobori. Ile miaka kibali kilikuwa heshima. Mwenye nacho aliitwa shambani kwa watu pale nguruwe pori na nyani walipozidi.

Nisiruke mwaka 1964, kwa maana wazee wengi wanaoniambia habari za bunduki huanzia hapo. Mwezi wa nne mwaka huo Bafuliiru wa bondeni, wakiwa na Musa Marandura, waliinuka wakiwa na mikuki na pinde, na mwezi wa tano Uvira ikawa mikononi mwa waasi. Walinyunyiziwa dawa, mai Mulele, na kuambiwa kwamba risasi zitageuka maji. Askari wa serikali walikuwa na bunduki za kisasa na risasi za kiwanda, kila moja sawa na mwenzake, na bado walikosa, wakatupa silaha, wakakimbia. Wenye dawa walisema dawa imefanya kazi. Mimi naona jambo lingine, bila kumdharau mtu: askari anayeamini kwamba adui hafi hupiga juu ya vichwa na kukimbia. Mizani yote ya dunia haiwezi kurekebisha mkono huo.

Mwaka uliofuata Che Guevara alikuja Kibamba, pwani ya Fizi, kuanzia mwezi wa nne mpaka wa kumi na moja. Silaha zilikuja kwa mashua usiku kutoka Kigoma, na alilalamika katika maandishi yake kwamba zilirundikwa ufukweni zimechanganyika. Alieleza pia kwamba wapiganaji wengi walifumba macho, wakashika kifyatulio mpaka risasi zote zikaisha. Ukisoma habari hiyo baada ya ile ya Moshi utaona nini kimetokea katika miaka 50. Yule askari wa 1915 aliijua kila risasi kwa kuwa aliisafisha mwenyewe. Wa 1965 aliipokea bure ndani ya sanduku, na akaimaliza kwa dakika moja. Tangu wakati huo risasi imekuwa rahisi kuliko unga katika sehemu nyingi za teritwari yetu, na familia zilizokimbia mara tatu na nne zinajua maana yake.

Limebaki ganda. Tazama kitako cha ganda lolote la kiwanda na mara nyingi utaona herufi na namba zimegongwa humo: ni alama ya kiwanda, na mara nyingi mwaka. Wataalamu wa Umoja wa Mataifa wanaochunguza vikwazo vya silaha vilivyowekwa kwa Kongo tangu mwaka 2003 husoma alama hizo ili kujua risasi ilipita njia gani mpaka kufika kijijini. Ganda lililojazwa upya linavuruga ushahidi huo, kwa sababu alama ni ya kiwanda na kilichomo ni cha mtu mwingine. Nao Mkataba wa Kinshasa wa nchi za Afrika ya Kati, wa mwezi wa nne 2010, haukusema bunduki peke yake. Jina lake lenyewe linataja risasi, na vipande vyote vinavyoweza kutumika kuzitengeneza, kuzikarabati na kuziunganisha. Kwa hiyo vijana waliouliza wajue na hili: kile ambacho kwa mzee mmoja wa Marekani ni kazi ya jioni, huku ni jambo la sheria. Na ganda ambalo halijapigwa, likiokotwa na mtoto akaligonga kwa jiwe, halimngojei mtu ajue kwanza historia yake.

Kuna sehemu moja ya habari hii ambayo vitabu vya Wazungu havina, nayo iko kwenu: vibali vile vya bunduki ya fataki. Tungependa kusikia kutoka kwa wajukuu wa wawindaji wa Makobola, Lemera, Mboko na Itombwe. Babu alipewa mwaka gani? Baruti alinunua wapi, na alipimia kitu gani, pembe, kibuyu au kifuniko cha chupa? Hatuulizi bunduki iko wapi, wala hatutaandika jina lenu. Kama karatasi ilibaki nyumbani siku mlipokimbia, tuambieni mnachokumbuka kilichoandikwa juu yake.